"Si alishatibiwa huyu?" Soba hausi inafanya nini hasa, na kwa nini jamaa wa mtaani anarudi pale pale

Hii mmeshaiona, tena sio mara moja. Video inasambaa, kuna jamaa analala nje, nywele zimeshikamana, miguu imepasuka, anayemrekodi anamuuliza maswali na yeye anajibu macho chini, watu wanalia kwenye komenti, wanachanga, jamaa anapelekwa soba hausi, yaani nyumba ya kumwachisha mtu pombe na madawa, baada ya wiki chache inatoka video nyingine kanyolewa, kanenepa kidogo, kavaa shati jeupe na kila mtu anashukuru Mungu. Halafu kimya. Miezi sita baadaye mtu anampita pale pale alipookotwa, hali yake mbaya kuliko mwanzo, na hapo ndo maneno yanaanza, hawa watu hawaponi, kachezea bahati, hela zetu zimeenda bure, si alishatibiwa huyu?

Hilo neno "alishatibiwa" ndo limenikalisha chini niandike. Ndani yake kuna vitu vinne tofauti kabisa ambavyo tunaviita kwa jina moja, na kwa kuvichanganya tunamlaumu mgonjwa kwa kutofaidika na kitu ambacho hakuna aliyewahi kumpa.

Tuanze na maneno yenyewe. Uraibu ni hali ambapo mtu anaendelea kutumia kitu, iwe pombe, unga (heroini), vidonge au chochote, hata pale anapoona kwa macho yake kinamharibia mwili, kazi na watu wake, na hata akitaka kuacha anashindwa. Sio kupenda starehe. Vitu hivi vinaingia kwenye ile sehemu ya ubongo inayokuambia hiki nikikikosa nakufa, ile ile inayokusukuma ukiwa na kiu, na mtu mwenye kiu kali humwambii asifikirie maji akakuelewa. Arosto ni yale mateso ya mwili pale unapokikosa kitu ulichokwisha uzoea, na inatofautiana sana kutegemea mtu alikuwa anatumia nini, nitarudi hapo.

Sasa soba hausi, hapa ndo pana fujo, na hapa ndo vilipo vile vitu vinne. Kuna hatua ya kutoa sumu mwilini, wengine wanaita detoksi, inachukua siku kadhaa mpaka wiki moja mbili. Kuna matibabu ya kulala huko huko, yaani mtu anaishi ndani ya kituo kwa wiki au miezi akifanya kazi ya kujijua upya pamoja na washauri na wagonjwa wenzake. Kuna nyumba ya mpito, na hii ndo soba hausi kwa maana yake halisi, nyumba ya kawaida tu, hakuna daktari ndani, wanaishi watu walioamua kukaa bila kulewa, wanagawana kodi na kazi za nyumbani na asubuhi kila mtu anaenda kwenye mishemishe zake. Na kuna makao ya usiku, sehemu ya kulaza ubavu kwa asiye na pa kulala, unaingia jioni unatoka asubuhi, na hayo si matibabu hata kidogo ingawa yanaweza kuokoa maisha ya mtu usiku huo.

Chukulia mtumbwi umejaa maji. Kutoa sumu ni kukumba yale maji. Matibabu ni kutafuta tundu liko wapi na kuliziba. Nyumba ya mpito ni kupiga kasia karibu karibu na ufukwe siku za mwanzo kuona kama kiraka kinashika. Tunachofanya wengi wetu ni kukumba maji, mtumbwi ukianza kuelea tunapiga picha, halafu tunausukuma mkondo mkubwa.

Kwenye kukumba maji kwenyewe kuna kosa linaloua, kwa hiyo niacheni nikae hapa kidogo. Watu wengi wanaiogopa arosto ya unga na kuidharau ya pombe, na ukweli ni kinyume. Ya heroini inatisha kuitazama, inaanza ndani ya siku moja tangu dozi ya mwisho, inapanda juu siku ya pili na ya tatu, mtu anatapika, anaharisha, mifupa inauma, jasho na baridi kwa pamoja, halali, na kwa kawaida inatulia ndani ya wiki moja hivi. Yenyewe mara nyingi haiui, japo kutapika na kuharisha bila kurudishiwa maji kunaweza kumwondoa aliyedhoofika, na wanaolala nje wengi wamedhoofika. Ya pombe ndo yenye kisu. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ukimkatisha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya pili au ya tatu baadhi yao wanatetemeka mwili mzima, wanaona vitu visivyokuwepo, joto linapanda, moyo unaenda mbio, hajui yuko wapi wala wewe ni nani. Watu wakiona hivyo wanasema kapandisha mashetani au karukwa na akili. Hiyo ni dharura ya hospitali na inaua. Vidonge vya usingizi na vya wasiwasi vya jamii ya diazepamu navyo ni hivyo hivyo, havikatwi ghafla. Kwa hiyo ndugu anayemfungia mlevi wake chumbani mpaka pombe imtoke, tena kwa upendo kabisa, anaweza kufungua mlango akakuta maiti. Hospitali wanampa dawa ya kutuliza kwa dozi inayopunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa siku nyingi asiyekula vizuri anakuwa ameishiwa na hiyo vitamini na ikikosekana kumbukumbu inaweza kuharibika moja kwa moja.

Akivuka hapo mwili umekuwa safi, anaongea vizuri, anacheka, familia inaona mtu wao karudi. Na hapo ndo wengi wanamchukua, wiki mbili tu, kashapona, twende nyumbani. Tundu bado liko pale pale.

Matibabu ya ndani yanahitaji muda na watu wanauliza muda gani. Mtaona vituo vingi vinatangaza siku 28. Hiyo namba haikutoka maabara, ilitokana na utaratibu wa matibabu uliojengwa Minnesota, Marekani, miaka ya 1950, na baadaye ikakaa kwa sababu bima za huko zilikubali kulipia mwezi mmoja hivi. Utafiti wa uraibu kwa miaka mingi umekuwa ukionyesha kwamba chini ya siku 90 faida inakuwa ndogo, na kwa wengi inatakiwa zaidi ya hapo. Siku 90 sio lazima zote ziwe ndani ya geti, ila lazima ziwe kwenye matibabu.

Na wakiwa ndani wanafanya nini? Hili swali naulizwa na watu wanaodhani ni kulala na kuomba tu. Fikiria siku ya mtu anayetumia akiwa mtaani, ile ni kazi ya kutwa nzima bila likizo, kuamka na arosto, kutafuta hela, kumtafuta muuzaji, kutumia, kupata masaa machache ya nafuu, kuanza upya. Ukimwondolea hiyo kazi siku yake inabaki tupu, na utupu ni adui mkubwa. Ndo maana kwenye nyumba nzuri utakuta kuna saa ya kuamka, nani anapika, nani anadeki, saa ya kikao, saa ya mazoezi. Watu wa nje wanaona kama adhabu ya bweni. Ni mtu anafundishwa tena kuwa na Jumatatu na Jumanne.

Vikao navyo. Mwaka 1935 kule Akron, Ohio, mlevi mmoja aliyekuwa anajaribu kukaa bila pombe, Bill Wilson, alikutana na daktari mlevi, Bob Smith, na kilichowasaidia ni kwamba kila mmoja alikuwa anaongea na mtu anayejua kwa mwili wake anachoambiwa, hakuna anayemhubiria mwenzake. Hapo ndo zilipoanzia zile jumuiya za walevi wanaosaidiana zilizoenea dunia nzima. Kwa wanaume hili lina uzito wake. Mwanaume kalelewa na neno moja, jikaze. Yuko tayari kuonekana mhuni, mkorofi, hata mwizi, kuliko kuonekana anaogopa. Sasa akae kwenye duara, jamaa mmoja mwenye mikono mikubwa na kovu usoni aseme kwamba alikuwa analia usiku kwa sababu mtoto wake alimpita njiani akajifanya hamjui, na mwenye aibu yake kimya kimya akajikuta hayuko peke yake. Dawa ya hivyo haiuzwi. Na ndo sababu moja ya nyumba nyingi kuwa za wanaume peke yao, wakichanganywa wengi wao wanarudi kwenye kuigiza.

Lakini kuna kitu kinachomtofautisha aliyelala nje na aliyetoka kitandani kwake, na hapa programu nyingi zinakosea kwa sababu zilitengenezwa kwa kumfikiria mtu mwenye pa kulala. Kwa wa mtaani pombe na madawa vilikuwa vifaa. Pombe ilimfanya ahisi joto usiku, ingawa ukweli ni kwamba inapanua mishipa ya ngozi na joto la mwili linatoka kwa kasi zaidi. Ilimzimia woga apate usingizi kwenye simenti. Vichangamshi vilimkesha asiibiwe viatu wala asipigwe. Ukimnyang'anya hivyo umemnyang'anya blanketi na mlinzi kwa mpigo, inabidi umrudishie vyote viwili kwa njia nyingine. Wapo ambao usiku wa kwanza wanashuka kitandani wanalala sakafuni mgongo ukutani, uso kwenye mlango, na viatu chini ya kichwa. Anayemcheka hajui. Mwili wake umekaa kwenye hali ya hatari muda mrefu, haujui kwamba mlango huu unafungwa.

Halafu kuna mambo madogo yanayoangusha watu wakubwa. Vidonda vya miguu. Meno, mtu ana jino bovu linamuua usiku, dawa yake ya maumivu miaka yote ilikuwa unga, na wewe unamshangaa kwa nini anatoroka siku ya nne. Kifua kikuu kisichopimwa. Kitambulisho! Huwezi kuamini ni wangapi wamekwama hapo, hana kitambulisho hapati kazi, hafungui akaunti, hapangishwi chumba, hana anwani ya kutumia kuomba hicho kitambulisho. Mshauri anayekaa foleni na mteja wake ofisini kutafuta karatasi anafanya matibabu kama yule anayeendesha kikao.

Kuna maneno ya mtaani ambayo siwezi kuyapita. La kwanza, "mwache aguse chini ndo atajifunza". Kwa mwenye nyumba na mshahara labda kuna chini ya kugusa. Anayelala nje chini yake ni kaburi. Kinachosaidia ni kuwa na kitanda siku ile anayosema sawa, kwa sababu ile "sawa" huwa ina umri wa masaa, ukimwambia njoo baada ya wiki mbili hutamwona.

La pili ni methadoni, kwamba ni kubadilisha dawa moja kwa nyingine. Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuitumia New York miaka ya 1960 kwa waraibu wa heroini, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Heroini inapanda haraka na kushuka haraka, mtu anaishi akipanda na kushuka mara kadhaa kwa siku. Methadoni inapanda polepole na kukaa muda mrefu, dozi moja kwa siku, mtu halewi dozi ikishapangwa vizuri na haingii arosto, kwa hiyo anaweza kwenda kazini. Methadoni na mwenzake buprenofini viko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu 2005, na vinapunguza vifo. Mwenye kisukari anayejichoma insulini kila siku humwiti mlevi wa insulini. Inaniuma sana nikisikia nyumba ya kupona inamkataa mwanaume eti kwa sababu yuko kwenye methadoni, au inampa sharti aiache kwanza ndo apate kitanda. Kwa wa pombe hakuna kitu cha aina hiyo hasa, zipo dawa za kupunguza hamu ila zinafanya kazi tofauti.

La tatu ndo lile la "hawaponi". Watafiti wa Marekani wanakadiria kwamba waraibu waliotibiwa wanaorudia ni kati ya asilimia 40 na 60, na kiwango hicho hakipishani sana na cha watu wa presha au pumu ambao hali zao zinarudi wakiacha masharti. Mgonjwa wa presha akipanda tena tunambadilishia dawa. Wa uraibu tunamfukuza.

Sasa nifike kwenye siku ya kutoka, kwa sababu huku kote nilikuwa naelekea hapa.

Mtu wangu wa karibu, mwanaume wa miaka arobaini na kitu, alimaliza miezi mitatu kwenye nyumba moja. Alifanya vizuri kuliko wote, alikuwa ndo anawaamsha wenzake. Siku ya kumaliza ilikuwa Ijumaa, akapewa cheti na mfuko wa nguo akafunguliwa geti saa kumi jioni. Hakuna aliyemuuliza unaenda kulala wapi. Alienda kwa watu pekee waliokuwa wanajua jina lake na wasingemfukuza, na hao ni wale aliokuwa anatumia nao. Wiki nzima sikuweza kumlaumu, nikijua kwamba hata mimi simu yangu siku hiyo ilikuwa imezima.

Kinachotokea mwilini siku kama ile watu hawakijui. Ukitumia unga kila siku mwili unajenga uvumilivu, dozi inayoweza kuua mgeni wewe inakutuliza tu. Ukikaa miezi mitatu bila kutumia, ule uvumilivu unashuka. Kumbukumbu haishuki. Mkono unapima dozi ile ile ya zamani, mwili unaipokea kama mgeni, na pumzi inasimama. Ndo maana wiki za mwanzo baada ya kutoka kituoni, au gerezani, ni miongoni mwa nyakati za hatari kubwa kabisa za kuzidisha dozi. Ipo dawa inaitwa naloksoni, inapuliziwa puani au inachomwa, inaondoa athari ya heroini kwenye ubongo ndani ya dakika chache na pumzi inarudi, na tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri wapewe na kufundishwa watu wa kawaida wanaoweza kuwa karibu, familia, marafiki, watumiaji wenyewe. Inaisha nguvu baada ya nusu saa mpaka saa na nusu hivi, kwa hiyo hospitali lazima bado.

Na nyumba. Mwaka 1975 huko Maryland, Marekani, kundi la wanaume waliokuwa kwenye nyumba ya mpito iliyokuwa inafungwa waliamua kuikodi wenyewe, wakaiita Oxford House. Hakuna meneja. Wanapiga kura, wanalipa kodi kwa kuchangiana, anayetumia anaondoka, anayekaa salama anakaa hata miaka. Zipo nyingi sasa. Watafiti walichukua watu 150 waliomaliza matibabu wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakaenda nyumba hizo, nusu wakapata ufuatiliaji wa kawaida, na baada ya miaka miwili waliokuwa wanatumia upande wa nyumba walikuwa kama asilimia 31, upande wa pili kama 65. Mwenye kuamini kwamba kitanda cha baada ya matibabu ni anasa aitazame hiyo tofauti.

Wengine wameenda mbali zaidi. Mwaka 1992 Sam Tsemberis alianza New York mpango wa kumpa mtu wa mtaani chumba chake kwanza, bila sharti la kuacha pombe, huduma zinamfuata humo humo. Watu wengi linawakera, mlevi apewe funguo? Kanada ilijaribu jambo hilo kwenye miji mitano kuanzia 2009, watu zaidi ya 2,000, na waliopewa nyumba walikaa kwenye nyumba muda mrefu zaidi kwa mbali. Kwenye kutumia madawa tofauti haikuwa kubwa, lazima niliseme hilo pia. Kwangu mimi hayo hayapingani na soba hausi. Yupo mwanaume ambaye akiishi peke yake chumbani atakunywa mpaka afe na anataka watu wa kumzunguka, na yupo ambaye kelele za watu kumi zinamrudisha mtaani. Inatakiwa milango yote miwili.

Kuna nyumba za kuogopa. Huko California mwaka 1958 ilianzishwa jumuiya ya kutibu waraibu iitwayo Synanon, wakaisifu dunia nzima kwa kuwatoa watu kwenye heroini, njia yao ilikuwa vikao vya kushambuliana kwa maneno mpaka mtu avunjike. Ikaishia kuwa dhehebu la mtu mmoja, watu wananyolewa vichwa, wanaotoka wanapigwa, na 1978 wakamwekea nyoka wa sumu kwenye sanduku la barua wakili aliyekuwa anapambana nao mahakamani, akaumwa, akapona. Sehemu yoyote inayofunga watu minyororo, inayochapa, inayozuia simu za familia miezi na miezi, inayowafanyisha kazi bure mashambani na kuita tiba, hiyo ni jela isiyo na hakimu, na mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kuwafungia watu kwa nguvu vifungwe.

Kwa hiyo ukiwa na mtu wako unataka kumpeleka, au mnachanga kwa ajili ya jamaa wa kwenye video, ulizeni kama wakati wa kutoa sumu kuna daktari au muuguzi. Ulizeni kama wanampokea aliye kwenye methadoni na nini kinatokea mtu akirudia. Halafu ulizeni, siku akitoka anaenda kulala wapi, na mliulize siku ile ile ya kumpeleka. Kama hawana jibu, igaweni ile michango kabla hamjalipa, nusu ya kituo, nusu ya kodi ya chumba cha miezi ya kwanza, na mmoja wenu aanze kutafuta hicho chumba wiki hiyo hiyo, mbali na maskani yake ya zamani. Na siku ya geti kufunguliwa awepo mtu nje anamsubiri, simu ikiwa na chaji.